Msiba wa Kuombea Ufadhili

Kutafuta ufadhili wa kwenda kusoma sheria ng'ambo ni kazi inayomfundisha mtu kuombaomba kwa lugha sanifu. Wafadhili wanataka kwanza barua ya chuo, na chuo nacho kinataka kwanza kuona fedha. Huyu anadai uzoefu wa kazi, yule anasema umri umepita, kana kwamba uzoefu huja na maziwa ya mama. Wakili alikuwa ameyapitia yote hayo. Barua za kumkataa zilimjia kwa heshima sana, kila moja ikimtakia kila la heri.

Wakili lilikuwa jina la nyumbani kabla halijawa la kazi. Alipewa na baba yake, fundi friji, kwa sababu ya ubishi wake wa utotoni, naye akakua, akasoma, akala kiapo, jina likawa la kweli. Sasa alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja chenye benchi refu na feni ya kubembelezwa, akiwatetea watu wanaovunjiwa nyumba. Kesi zake zilifanana. Ramani inaonyesha kiwanja kitupu, na juu ya kiwanja hicho kuna watu, masufuria, watoto, na bibi mmoja mkali anayemuuliza hakimu kama yeye ni mzimu. Hakimu hamwangalii bibi, anaangalia ramani. Wakili alikuwa amechoka kushindwa na ramani. Kulikuwa na chuo mbali huko ambako walimu walikuwa watu waliokwisha kuzishinda ramani za namna hiyo mahakamani, na chuo kilikuwa kimemkubali. Kilichokosekana ni ada, na nafasi yenyewe ilikuwa inakufa mwaka huo.

Ndipo akaenda kwa Mfadhili. Jina hilo mtaa ulimpa kwa kejeli, maana hakuwahi kumfadhili mtu hata soda. Alikuwa na kichumba juu ya duka la fotokopi, na ukutani alibandika picha za vijana waliovaa makoti ya baridi, ambao wote, kwa maelezo yake, walipita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kunyoosha maombi ya watu. Aliisoma insha ya Wakili huku akisonya taratibu.

"Nzuri sana hii," akasema. "Ndiyo maana haitapita."

"Kwa nini?"

"Dada, umejaza sheria tupu. Hawa watu wanasoma sheria kila siku. Msiba wako uko wapi?"

"Sina msiba."

"Kila mtu ana msiba. Wewe hujautafuta tu."

Wakili akamwambia anyooshe lugha, basi, mengine ayaache. Lakini siku ya mwisho ya kutuma ilipofika mtandao ukawa wa kusuasua, na yule bibi mkali alikuwa ameitwa mahakamani. Wakili akamwachia Mfadhili neno lake la siri amalizie kutuma, akakimbilia kwenye kesi. Ndiye yeye ambaye kila siku huwaonya wateja wasitie sahihi wasichokisoma. Mganga hajigangi.

Majibu yalipokuja, yalikuwa ya furaha. Ameitwa kwenye usaili.

Kwao kulikuwa na desturi. Tangu shule ya msingi, chochote alichoandika Wakili alimsomea baba yake karakanani, katikati ya friji zilizofunguliwa migongo. Baba akipiga miayo, insha inaandikwa upya. Safari hii, kwa haraka, desturi iliwapita, kwa hiyo baba akadai haki yake.

"Hebu nisomee hiyo iliyowashinda nguvu."

Wakili akayachapa maombi yake, akavuta kreti, akakaa, akaanza kusoma kwa madaha. "'Baba yangu, fundi masikini, alifariki kwa homa ya mapafu nikiwa mtoto mdogo...'"

Bisibisi ya baba ikasimama.

"Endelea," akasema.

"Baba, hii sikuandika mimi."

"Nimesema endelea. Nataka kujua nimezikwa wapi."

Hakuzikwa popote, Mfadhili hakuwa na nafasi ya kutosha kwenye fomu. Lakini kulikuwa na mjomba mwenye huruma aliyemchukua yatima akamlea, na namba ya simu ya huyo mjomba ilikuwa namba ya baba. Fundi alicheka mpaka akashika mlango wa friji asianguke. Kisha akaacha kucheka.

"Na kwa hii ndiyo wamekuita?"

"Ndiyo."

"Basi niache nilivyo."

"Ulivyo vipi?"

"Marehemu. Kufa kufaana, mwanangu. Utanifufua ukirudi na shahada."

"Huo ni uongo, baba."

"Uongo wa nani? Aliyekufa ni mimi, na sijalalamika."

Wakili hakucheka. Mzaha haukumuuma, kilichomuuma ni kujua kwamba baba hatanii. Mtu huyu alimlea peke yake, akamsuka nywele kwa vidole vilivyonuka mafuta ya kompresa, akasimama kwenye kila kikao cha wazazi akiwa mwanaume pekee. Sasa alikuwa tayari kufutwa kama chaki ubaoni ili mtoto apande ndege, na alikuwa anaona ni bei nafuu. Wakili alimpenda kwa hilo na akamkasirikia kwa hilohilo.

Kesho yake akapanda ngazi za Mfadhili.

"Umemuua baba yangu."

"Nimekuingiza kwenye usaili," Mfadhili akajibu, wala hakuinua macho kwenye kompyuta. "Kati ya wateja wangu wote umeitwa peke yako. Ukimfufua mzee, unakufa wewe. Na mwambie wanaweza kumpigia simu."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ni fupi, dada, lakini wenzako wanafika."

Siku ya usaili Wakili alimwambia baba kwamba atasema kweli. Baba, aliyekuwa anampigia koti pasi, akasema afya ya marehemu haimhusu mtu, na akaendelea kunyoosha mikono ya koti.

Jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu katika jengo la ofisi, chini ya kiyoyozi kilichonguruma bila kupoza. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kulia kwake alikaa mzee mwenye upara, na kushoto kijana wa kuandika mazungumzo.

"Kwanza pole sana kwa kumpoteza baba," mwenyekiti akaanza.

"Baba yangu ni mzima, mheshimiwa. Koti hili amelipiga pasi yeye leo asubuhi."

Wote watatu wakalitazama koti. Wakili akawaeleza ilivyokuwa, bila kumtwisha Mfadhili mzigo wote. "Aliyeandika ni mwingine, lakini neno la siri nilimpa mimi, na jina ni langu. Kwa hilo sina utetezi."

"Ungenyamaza tusingejua," mzee wa upara akasema. "Kwa nini unajichongea?"

"Kwa sababu kazi yangu ni kubishana na karatasi zinazosema watu hawapo, na watu wenyewe wamekaa mbele yangu. Siwezi kwenda kusomea kazi hiyo kwa karatasi inayosema baba yangu hayupo."

Mwenyekiti akavua miwani. Ilionekana amewahi kudanganywa kwa mitindo yote, hata huu wa kukiri. "Maneno mazuri. Lakini fomu inasema una mjomba, na namba yake hii hapa. Tumpigie tujue mwongo ni nani, fomu au wewe."

Hilo ndilo Wakili alilokuwa analiogopa, maana alimjua baba yake. Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Ikaita, ikapokelewa, nyuma yake mtu akigonga bati.

"Haloo."

Mwenyekiti akajitambulisha. Sauti ya baba ikabadilika, ikawa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu aliyetoka makaburini.

"Ndiyo, mama. Mimi ni mjomba wake. Marehemu alikuwa shemeji yangu."

"Alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Mapafu. Alikohoa sana yule bwana. Mkaidi kidogo, siwezi kuficha, lakini kwenye friji hakuwa na mpinzani."

Mzee wa upara akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba," Wakili akasema.

Kule kugonga bati kukakoma.

"Huyo nani?" simu ikauliza, bado kwa sauti ya mjomba.

"Ni mimi. Nimeshawaambia uko hai."

"Umewaambia kwa nini?" Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ilikuwa na uchungu. "Si nilikwambia uniache? Mheshimiwa, msimsikilize, mtoto huyu mbishi tangu anazaliwa. Mpeni nafasi yake. Mimi nitakaa nimekufa hivihivi, sina shida."

Hakuna aliyecheka. Machozi yalimjia Wakili, lakini hasira ikayatangulia.

"Mmemsikia," akawaambia. "Mtu mzima anajikana ili mimi nisome. Fomu yenu inauliza shida zangu kurasa mbili, na nitakachosomea mistari mitano. Mmefungua soko la misiba, watu wakaleta bidhaa. Wenye misiba ya kweli wanaipamba, na sisi wengine tunaua baba zetu. Mkininyima kwa uongo ulioandikwa humo, ni haki yenu. Lakini nisiambiwe kwamba sistahili kwa kuwa nina baba."

"Maombi yenye taarifa za uongo yanafutwa, binti," mwenyekiti akasema. Hakusema kwa ukali. "Huo ndio utaratibu, na siwezi kuupinda kwa ajili yako."

"Najua. Ningekuwa kwenye kiti chako ningefuta."

"Basi tumemaliza."

"Bado. Nimepangiwa muda, na haujaisha. Mtanisikiliza nilichotaka kwenda kusomea."

Hakungoja ruhusa. Akatoa mkobani ramani ya ile kesi, akaitandaza mezani juu ya fomu yake mwenyewe, akawaonyesha kile kiwanja kitupu, kisha akawaeleza nani analala wapi juu yake, choo kiko upande gani, na bibi mkali alimjibu nini hakimu. Akawaambia kila karatasi ya aina hiyo ina mtu aliyekubali kunyamaza ilipoandikwa, na kwamba mtu aliyefutwa akinyamaza mara moja huwa amewasaidia waliomfuta wamfute mara ya pili. Mzee wa upara akauliza swali, akajibiwa, akauliza jingine. Kijana wa kuandika akasahau kuandika. Hakuna aliyekumbuka kukata simu.

Wakili alipomaliza akaikunja ramani. Mwenyekiti akaivuta fomu, akachukua kalamu. "Kwaheri, mzee," akasema, akanyoosha kidole kuikata simu.

"Mama, usikate kwanza," baba akasema.

"Nakusikiliza."

"Hiyo fomu ndiyo unaifuta?"

"Ndiyo, mzee. Samahani."

"Futa tu. Lakini kabla hujafuta, andika hapo kwamba niko hai."

Mwenyekiti akamtazama Wakili, na Wakili akamtazama vilevile, bila kumsaidia. Kalamu ikashuka mahali palipoandikwa marehemu, ikapakata kwa mstari.

"Jina lako kamili, mzee?"

Fundi friji akalitaja kwa sauti kubwa, herufi moja moja, akingoja kila moja iandikwe.