Nusu ya Maneno ya Mkemia

Mkemia alikuwa anachagua nyanya sokoni aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika.

"Tumethibitisha maabarani kwamba gome la mti huu linaua vijidudu vya homa."

Ikafuata ngoma kidogo, halafu sauti ya mwanamume: "Mmemsikia mtaalamu! Homa kwaheri, sukari kwaheri, miguu kuuma kwaheri!"

Aliziacha nyanya, akaifuata ile sauti. Chini ya mwavuli, nyuma ya meza iliyojaa chupa, alikuwa amesimama mume wa mdogo wake.

Maneno yale mkemia aliyasema kweli, redioni. Lakini hakuishia pale. Alieleza kwamba vijidudu vilikufa ndani ya bakuli la kioo, si ndani ya mtu. Panya waliopewa kidogo walipona. Walioongezewa kidogo tu, mioyo yao ilipunguza mapigo hadi ikasimama. Tena ukali wa gome hutofautiana mti kwa mti, kwa hiyo kijiko cha leo si kijiko cha kesho. Ndiyo maana alimaliza kwa kuwasihi watu wasinywe.

"Shemeji, hiyo sauti ni yangu."

"Ni yako, shem. Sijaongeza hata neno."

"Umepunguza."

"Tangazo lina dakika moja. Ningekuachia wewe, tungelala hapa." Alimfungia mteja chupa. "Na babu zetu walikunywa gome hili kabla hujajua kushika kalamu."

"Waliokufa nalo nani aliwahesabu?"

Shemeji alicheka, tena bila chuki. "Kamuulize baba yako. Siku hizi anatembea kama kijana."

Mkemia aliondoka mbio kwenda kwa baba yake. Mzee alikuwa fundi cherehani mstaafu, na kwa miaka mingi alikuwa akimeza vidonge vya moyo.

Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imempauka, chupa iko juu ya cherehani.

"Nakunywa dawa ya mwanangu," mzee alisema, uso umemchangamka kwa fahari.

Mkemia alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuja kwa kusitasita, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

"Baba, na vidonge?"

"Vyote nakunywa. Mkono mmoja haulei mwana."

Hospitalini, daktari alimuuliza mzee kama ametumia miti shamba yoyote. Akasema hajagusa kitu. Ikabidi binti aitoe chupa mkobani. Walipobaki wawili, baba yake aligeukia ukutani.

"Umeniaibisha. Redioni ulisema dawa, hapa unasema sumu. Nimwamini yupi?"

Alianza kumweleza habari za bakuli, vipimo na panya.

"Panya," mzee alisema taratibu. "Sasa mimi ni panya."

Aliruhusiwa baada ya kuahidi kuacha. Mkemia aliishi ghorofa ya juu, na ngazi zile mzee hakuziweza, kwa hiyo alipelekwa kwa binti mdogo. Huko mkemia alipiga simu kila siku, na kila siku mdogo wake alimjibu vilevile: baba hajambo, baba hanywi kitu. Siku moja mkemia alipomsihi azitoe kabisa chupa nyumbani, mdogo wake alilipuka.

"Kijicho hicho, dada. Umesoma wewe, umesifiwa wewe. Mume wangu akipata riziki yake, inageuka sumu!"

Asubuhi moja mzee hakuamka.

Mkemia aliomba mwili uchunguzwe. Ndugu walikataa kwa sauti moja: mzee asipasuliwe kama samaki. Akamvuta shemeji pembeni, uani.

"Aliendelea kunywa. Sema kweli."

Shemeji alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amelia kweli. "Baba alikuwa na moyo mbovu, shem. Wewe ndiye mtu wa ushahidi. Unao?"

Hakuwa nao. Alijua lipi lingeweza kumuua baba yake, lakini hakuweza kusema ndilo lililomuua; na maisha yake yote alikuwa amewafundisha wanafunzi kutoyachanganya hayo mawili. Kimya chake kilisomeka kama kushindwa, na kabla ya mazishi ilishazagaa msibani kwamba mzee alikufa kwa sababu binti yake mkubwa alimkataza dawa.

Baada ya mazishi, jirani mmoja mama mtu mzima alikuja kukaa karibu naye, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu. Mungu akutie nguvu." Akainamisha kichwa, akanong'ona: "Nina mjukuu ana homa haimwachi. Kwa kuwa dawa ni yako, huna chupa hapa?"

"Mama, msimpe. Naapa, inasimamisha moyo. Mpelekeni hospitali leo hii."

Yule mama alimtazama kwa huruma, akampapasa bega.

"Msiba unachanganya akili, mwanangu. Pumzika."

Akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akavuka uwanja hadi alipokaa shemeji miongoni mwa wanaume. Mkemia alimwita. Watu wawili watatu waligeuka kumtazama, kisha mdogo wake akaja, akamshika mkono na kumwingiza ndani.

"Dada, tafadhali," alisema. "Usitutie aibu leo."