Vigelegele vya Shari

Vital, mtoto wa Bernadette, alipigwa risasi asubuhi hapa Shari akidai kura zilizoibwa zihesabiwe upya. Maiti haijapoa, wamama ndiyo kwanza wanaangua kilio, mara chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akaingia matangani na askari wawili.

"Mama, Raisi ameshinda, leo iko siku ya furaha. Kilio iko siasa. Mukitaka kufungua kinywa, mupige vigelegele."

Askari mmoja akawaelekezea binti za Bernadette bunduki. Bernadette akapiga vigelegele, vilevile alivyompigia Vital mwaka jana alipopata diploma. Wamama wakaitikia, machozi yakiwatiririka. Chefu akarekodi kwa simu yake, akashukuru.

Jioni, walipotoka makaburini, redio ya jirani ilikuwa ikisifu ushindi. "Sikieni wamama wa Shari wanavyofurahi," akasema mtangazaji, na sauti ya Bernadette ikajaa kwenye matanga ya mwanawe.