Wa Kwetu Hapimwi Mara Mbili

...inabana, tena si kidogo, nguo hii inabana kwapani na mgongoni, na shingoni imenikaba kama mwizi wa kuku aliyekamatwa, lakini sisemi, ngoja kwanza, nione watajifanya hawajui mpaka lini, nimesimama juu ya stuli katikati ya karakana ya marehemu baba, mikono juu, pini kila mahali, nikivuta pumzi kidogo tu nachomwa, na dada yangu mkubwa yuko mgongoni kwangu, pini nyingine ameziuma midomoni, ananung'unika kwa upenyo uliobaki, "Tulia basi, unatikisika nini, umekanyaga siafu?" natikisika kwa hasira, dada, kwa hasira, lakini hilo nalo sisemi, nasema, "Nimetulia," anasema, "Mikono juu," nasema, "Iko juu," anasema, "Juu zaidi," na yule mwuza vyombo wa duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuja asubuhi kuchukua sketi yake, na sketi anayo mapajani na haondoki, anamgeukia mama, "Hajabadilika hata kidogo, eti?" na mama, pale mlangoni na makopo yake ya vifungo, bila kuinua kichwa, "Huyu? Ni yule yule." Yule yule. Leo siku ya nne tangu nirudi na neno hilo nimeshalishwa mpaka limenikinaisha, wananipa kama zawadi, na mimi natakiwa nicheke nishukuru, miaka tisa nimezunguka, nimefua mashuka ya mabaharia, nimeshona magunia kwenye kinu cha unga mpaka vidole vikaota sugu, nimelala kwenye stesheni ambazo hata lugha ya matangazo yake sikuijua, nimejifunza kusema hapana, mimi niliyekuwa nikiombwa chochote natoa na samahani juu yake, nimejifunza kukaa peke yangu wiki nzima nisijionee huruma, halafu narudi kwetu naambiwa yule yule, kama mtu aliyetoka mara moja kwenda kununua kiberiti.

Na gauni hili ndilo ushahidi wao, gauni la picha, maana Jumamosi tunapiga picha ya familia, ile iliyopo ukutani mimi simo, basi mama amenunua kitambaa cheusi cha watu watatu na dada amekata jana mchana nikiwa nimelala, amekata bila kunipima, hakuna aliyeniamsha, hakuna aliyeniuliza, kwa sababu kwetu wa kwetu hapimwi mara mbili, ndiyo sheria ya baba, mteja mpime kila akija hata kama alikuja juzi, maana mteja ni mtu wa watu, hujui amekula nini tangu mwachane, lakini wa kwetu ukishampima mara moja akiwa mtu mzima unamkatia karatasi ngumu ya umbo lake, unaitundika msumarini, basi, mengine jicho la fundi litajua, na karatasi yangu ipo, nimeiona juzi nilipoingia, msumari wa tatu kutoka dirishani, mabega ya msichana wa miaka ishirini na moja ambaye hajawahi kubeba gunia, kaningoja pale miaka tisa huyo msichana, hazeeki, hasafiri, hasemi hapana, na dada amemkatia gauni, kisha ananiita mimi nije nilivae... "Hapa je, inabana?" anauliza, vidole vyake vinapita kwenye mshono wa ubavu, vinapita taratibu, vinarudi, na mimi nasema, "Endelea tu," na najichukia kwa hiyo endelea tu, maana huyo ni yule yule aliyesema, si mimi.

Tena afadhali wageni, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mimi hata hizo siku mbili sikupewa, siku ya kwanza, vumbi la safari bado liko masikioni, dada ananisukumia mto wa sindano, sindano kama ishirini, "Haya Mtalii, zitie uzi zote, uanze kukumbuka kazi," Mtalii ndilo jina langu siku hizi, nami nikazitia uzi moja moja, machozi yananilengalenga, nikarudisha nyuzi kwenye vibati, namsikia akimwambia mama kwamba viwanda vya siku hizi vinatoboa sindano matundu madogo mno, hata uzi hauoni njia, nikasema moyoni mwangu, uvivu huo, umekuwa bosi sasa, baba hayupo, unataka wa kukutilia uzi. Siku ya pili nikasogeza kopo la vifungo ili niweke kikombe changu cha chai, kopo tu, shubiri moja, na mama akaniwakia kama nimepindua jeneza, "Usisogeze kitu humu ndani!" mama yangu, ambaye hajawahi kunipigia kelele tangu nivunje kioo cha kabati, nikaelewa, nilidhani nimeelewa, humu ndani si kwangu tena, vitu vina mahali pake na mimi sina. Ila yote hayo ningeyameza, nimemeza makubwa kuliko hayo ugenini, lisilomezeka ni lile la kituo cha basi, nimeshuka na begi langu, namwona dada anakuja kunipokea, amevaa kitenge ninachokijua, moyo unanienda mbio, natabasamu mpaka mashavu yanauma, na yeye ananijia, ananitazama usoni, mchana kweupe, hatua tatu tu, kisha ananipita, alinipita jamani, kama mlingoti wa taa, akaenda kusimama mbele ya mwanamke mwingine mwenye begi, na mimi nilipoita, "Dada!" ndipo akageuka, akanikumbatia, akacheka kwa sauti kubwa mno, "We mtoto, hujabadilika hata kidogo!" Hujabadilika, na umenipita! Basi nikajua ni adhabu, ananilipa miaka tisa, ananilipa na mazishi ya baba ambayo sikuyawahi, barua ilinikuta udongo umeshakauka, na ni haki yake anilipe, lakini aniambie, aniambie usoni, asinitazame sikio anapozungumza nami, maana ndivyo anavyofanya, siku nne sasa, nikiongea naye macho yake yanatua sikioni kwangu, au begani, kama kwamba uso wangu haufai kutazamwa.

Ndiyo maana tiketi iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi, basi la Jumapili alfajiri, nimeinunua jana jioni na hakuna anayejua, nitapiga nao picha yao Jumamosi, wabaki na yule yule wao ukutani, mimi niondoke, sitarudi tena, kule angalau wananipima kwa ninachofanya, yule mwalimu mstaafu niliyemhudumia miaka miwili ya mwisho, mzee mkali kama pilipili, alinijua kuliko hawa walionizaa, alijua nikikasirika kwa jinsi nilivyoweka sahani, na nilipoanza kumweleza mama habari zake, siku ya kwanza, mezani, nikasema, mama, nilimwuguza mzee mmoja, nilijifunza kwake mambo, mama akasema, "Enhe, na huko wanakula nini?" kisha akainuka kutafuta chumvi na hakurudi kwenye habari, na hakuna aliyerudi, miaka tisa yangu ikaishia kwenye chumvi... "Mgongo umenyooka vizuri," anasema mwuza vyombo, "fundi ni fundi, kama marehemu," na mimi nainamisha kichwa kadiri pini zinavyoniruhusu, naona upindo wa gauni, na, hapana, huu sasa ni utani, upindo umeshonwa kwa uzi wa kahawia, kitambaa cheusi, uzi wa kahawia, baba angeona hivyo angekufumulisha mbele ya wateja, hata kunidharau nako kumekosa adabu, dada amechukua uzi wowote tu uliokuwa karibu, kwa Mtalii unatosha, na sasa basi, sasa imetosha, nasema, maneno yameshafika kwenye meno, chukua futi, dada, chukua futi hapo mezani unipime sasa hivi, mbele ya mama, mbele ya huyu na sketi yake, soma namba kwa sauti, kifua ngapi, mabega mangapi, wasikie wote kwamba mimi si yule, soma! nafungua mdomo...

Na pini inamdondoka, nasikia mlio wake mdogo sakafuni, dada anasema, "Aah," anapiga magoti kando ya stuli, na pini iko pale pale, naiona toka juu huku, inang'aa kwenye saruji, kando ya mguu wa stuli, shubiri moja kutoka kwenye goti lake, na dada anakunjua kiganja, anakilaza sakafuni, anaanza kukizungusha, pole pole, kutoka nje kuja ndani, duara, kisha duara dogo, na kichwa hakukiinamisha, kichwa kimeelekea mlangoni kama mtu anayesikiliza habari za redio... mimi mkono huo naujua. Naujua, Mungu wangu, naujua, mwalimu alitafuta hivyo kijiko chake kila siku kwa miaka miwili, kutoka nje kuja ndani, na alikana, akaapa, macho yangu mazima, taa za siku hizi ndizo hazina nguvu, alisema, na mimi ndiye niliyegundua kabla ya watoto wake, kwa sababu alinisalimu mlangoni kwa jina la mpishi mpaka niliposema neno... mpaka niliposema neno, dada, kituoni, ulinigeukia niliposema neno. Na mwalimu naye alinitazama sikio, kwa sababu katikati kulikuwa na giza, aliniambia siku alipokubali, katikati kuna kiza, binti, pembeni ndiko kumebaki watu, alikuwa akinitafuta kwa pembeni, hakuwa akinikwepa. Matundu ya sindano madogo. Makopo ya vifungo yasisogezwe, vyeusi kushoto, vyeupe kulia, mama anajua, mama amekaa hapo mlangoni kila asubuhi anampangia rangi, na uzi ule wa kahawia ulikuwa kwenye kibati cha nyuzi nyeusi, nani aliurudisha kwenye kibati kisicho chake, nani alipanga nyuzi siku ile ya kwanza baada ya kuzitia sindano, nani, mimi, ni mimi niliuweka pale, nikiwa nimenuna, sikutazama. Na karatasi msumarini, karatasi ngumu, kingo zake unaweza kuzifuata kwa kidole, futi huwezi, namba za futi ni sisimizi.

Na bado nina hasira, nisiseme uongo, imeongezeka, imegeuka tu upande, mbona hamkuniambia, mimi peke yangu humu ndani ndiye ninayejua kazi hii, kumkalisha mtu asiyeona karibu na dirisha, kumpangia meza kama saa, kikombe kwenye tatu, mkasi kwenye tisa, kumpeleka kwa daktari kabla hajajua kwamba anapelekwa, miaka miwili nimeifanya kwa mtu baki, na nyinyi mnanificha, mama, wewe na vifungo vyako, na wewe dada, kichwa kigumu kama baba, unashona gizani, siku utakapojipitisha kidole kwenye cherehani utasema umeme ulikatika, na mimi, mimi nami nichapwe, siku nne nimekaa nikingoja kutazamwa, nimekasirika kwamba hawanitazami, na sikumtazama mtu, nimeleta macho yote haya toka huko yamejaa mambo na nimeyafungia kwenye begi pamoja na tiketi... na mwuza vyombo anasema, "Kumetokea nini huko chini?" anainua shingo, sketi inateleza mapajani, na mama ameacha vifungo, mama ameinua kichwa kwa mara ya kwanza leo, hamtazami dada, ananitazama mimi, ananitazama usoni kabisa, na mkono wake umebaki hewani na kifungo cheupe, na kama ningesema lile nililotaka kusema, soma namba kwa sauti, ningelisema mbele ya huyu mwanamke ambaye kufika adhuhuri angekuwa ameutangazia mtaa mzima, fundi haoni, na karakana ya baba ingefungwa kwa mdomo wangu, mimi Mtalii, kwa ajili ya kifua na mabega.

"Hakuna kitu, pini tu," nasema, "iko kwenye mguu wa stuli, dada, mguu wa upande wako," na kiganja kinasimama, kinasogea, kinaipata, anainuka, magoti yanalia, yuko nyuma yangu tena, namsikia anapumua, mikono yangu bado iko juu na imeanza kufa ganzi, pini zote ziko palepale, gauni ni lile lile la msichana wa msumarini, kisha anauliza, polepole, si kwa ile sauti ya wateja, "Sema kweli. Inabana?"

"Inabana," nasema. "Kwapani. Achia vidole viwili."

Mkono wake umetulia ubavuni kwangu, haupimi chochote, umekaa tu.

"Viwili vyako au vyangu?"

"Vyako, dada."