Kikombe cha Mgeni Bugendana

Samaki wa Zuberi walifika sokoni Gitega asubuhi mapema, na barafu ya kuwalazia ikafika kwa baiskeli kutoka Bugendana, imefungwa kwenye magunia yenye maranda. Ilikuwa nzuri kuliko ya mashine. Ilikatwa kwa msumeno kwenye bahari iliyozunguka shamba la Nazario, ambalo mwaka juzi, katikati ya mavuno ya maharage, liligeuka kisiwa kidogo cha Aktiki wakati wa baridi. Mwalimu wa jiografia alikwenda, akatazama nyota saa sita mchana, akathibitisha. Hakuna aliyembishia, maana mihogo ilikuwa imekwisha kuganda ardhini.

Siku hiyo alikuja dukani kwa Zuberi mwanamke kutoka Muyinga, Ursula, akitafuta koti. Zuberi alikuwa na makoti machache ya mtumba kwa ajili ya wanaokwenda kisiwani.

"Unaenda kununua barafu?"

"Naenda kwa baba yangu, Kastori. Shamba lile lilikuwa letu."

"Ego, ndiyo, Kastori iko pale. Watu ya baiskeli wanamuonaka." Zuberi alimfunga vifungo hadi shingoni. "We usikae sana, dada. Na hivyo viatu, hapana. Chukua mabuti yangu."

Kastori aliuawa wakati wa vita, alipobaki kulinda ng'ombe. Ursula alikuwa mgongoni kwa mama yake wakikimbilia Tanzania, akakulia kambini. Waliporudi walimkuta Nazario shambani, wakaishia kupanga chumba Muyinga. Sasa mama yake, Adventina, alikuwa mgonjwa, mguu wa kushoto umevimba hata anauburuta, na alikuwa ameomba jambo moja tu: azikwe kando ya mumewe. Ursula alikuwa anakwenda kuomba mahali pa upana wa mkeka.

Njia ilipita kwenye migomba, kisha kwenye migomba yenye barafu, kisha gizani. Bonde ambalo wazazi wake walikuwa wakilima viazi lilikuwa bahari iliyoganda. Akaivuka kwa miguu, mabuti ya Zuberi yakimpwaya.

Nazario alikuwa anafagia theluji mbele ya nyumba. Alichokuwa akifagia hasa ni nyayo za mtu asiye na viatu. Zilikuwa zimeizunguka nyumba nzima na kusimama mlangoni.

"Iko za baba yako," akasema, kama anayeonyesha alikopita mbuzi. "Anakujaka kila siku. Haongeaki."

Akamtolea Ursula kigoda. Pembeni kulikuwa na kigoda kingine, na juu yake kikombe cha pombe ya ndizi, kimejaa hadi ukingoni, kimeganda.

"Hicho cha nani?"

"Ya mutu moja. Hanywaki."

Akammiminia Ursula kikombe chake, cha moto, kutoka jikoni. Wakata barafu waliacha misumeno yao wakasogea kutazama. Vidole vya Ursula vilikuwa vimekufa ganzi. Aliketi, akanywa yote. Alimshukuru Nazario kwa moyo wake wote, na baadaye ni shukrani hiyo iliyomuuma zaidi.

Kisha akaomba kuonyeshwa kaburi la baba yake. Nyuma ya nyumba, kando ya banda la misumeno, palikuwa na mahali ambapo theluji haikai. Palikuwa na urefu wa mtu aliyelala, udongo mweusi, unyevunyevu. Theluji ilianguka ikaishia hewani. Wakata barafu walipazunguka bila kupatazama, kwa mazoea.

"Naomba hapa kando," Ursula alisema. "Kwa ajili ya mama."

Nazario alijibu kwa upole. "Dada, we ni mugeni wangu. Nimekupa kiti, umekunywa, hawa wote wameona. Mugeni anaombaka maji. Anaombaka njia. Ardhi, hapana."

Wakata barafu waliitikia kwa vichwa. Hawakuwa na ubaya naye. Ndivyo ilivyokuwa desturi.

Muyinga, Adventina alimsubiri akiwa ameketi kitandani.

"Ulimwona?"

"Nimeona nyayo zake. Na kikombe cha mtu asiyekunywa."

"Ni cha baba yako hicho. Na wewe, Nazario alikupa?"

"Alinipa."

"Ukanywa?"

"Kulikuwa na baridi, mama."

Adventina hakugomba. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikulea kambini, sikukufundisha. Anayeketishwa na kunyweshwa mbele ya majirani amekubali kwamba yeye ni mgeni. Mwenye shamba hakaribishwi." Akaichukua mikono ya binti yake, akaisugua mpaka ikapata joto.

Alikufa kabla mvua hazijaisha. Wakamzika Muyinga, kwenye udongo mwekundu laini, kati ya watu wasiowajua.

Ursula alirudisha koti dukani baada ya matanga. Zuberi alilipokea bila kulitazama.

"Nyayo sasa iko za watu wawili," alisema. "Moja inaburuta mguu."

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto. Mpaka kwa mulango tu, haingii. Nazario ameweka kigoda ya pili, na kikombe."

"Mama anakunywa?"

"Hapana. Asubuhi vyote viwili inakutwa imejaa, imeganda."

Ursula alilia pale dukani, kwa huzuni na kwa fahari, mpaka mteja mmoja akampisha akae kwenye kreti. Hakukaa.

Kila asubuhi Nazario anabandua barafu vikombeni, anafagia nyayo za watu wawili, na misumeno inaanza. Kikombe alichonywea Ursula amekiosha, amekitundika kwenye msumari kando ya mlango, kikavu. Mtu akiuliza shamba ni la nani, humwonyesha hicho.