Haki ya Kujibu Mbele ya Jeneza

Mkono ulio kwenye ile fulana ni wangu. Mwombe mtu yeyote Lodwar akuonyeshe fulana ya Ethuro, ya kijani au ya zambarau, utamwona binamu yangu anacheka na kofia ya jeshi, na shingoni pake kuna mkono usio na mwenyewe, umekatwa begani. Tulipiga hiyo picha Kakuma alipokuja likizo, kabla ya kupelekwa Kongo. Nilikuwa namwambia jeshi limemfundisha kulenga shabaha lakini kuoga bado. Nikaiweka kwenye simu, watu wakacheka, ikaisha.

Kisha akauawa huko, kwenye mlima ambao jina lake sisi nyumbani hatujui kulitamka. Kabla sijamaliza kulia, watu wa Mheshimiwa Akol walikuwa wameiiba picha, wamenikata, wameichapa kwenye fulana za kijani na maneno WARUDI NYUMBANI. Kesho yake watu wa Mheshimiwa Lopeyok wakaiiba kutoka kwa kijani, wakachapa zambarau: HAKUFA BURE, TUONGEZE NGUVU. Mkono wangu ukawa unapiga kampeni kambi zote mbili na hata chai haujanyweshwa.

Niwaeleze hawa waheshimiwa. Wote wawili wanataka useneta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchaguliwa kitu, ila huku kwetu ukinunua suti na gari lenye vioo vyeusi unaitwa Mheshimiwa. Akol anasema vita vya Kongo vimetushinda, vijana warudishwe. Lopeyok anasema ukirudi sasa umeaibika, vijana waongezwe. Ungewasikia ungedhani ni imani. Lakini mimi nilikuwepo siku kina Ethuro wanaagwa hapa hapa Lodwar, na aliyepiga ngumi hewani akisema "nendeni mkawanyoroshe" alikuwa Akol. Lopeyok ndiye aliyenuna, akauliza sisi tuna ng'ombe gani aliyeibiwa Kongo. Baadaye walibadilishana misimamo kama watoto wanaobadilishana kandambili. Vita vilipoanza kwenda vibaya, kila mmoja aliangalia mwenzake amesimama wapi, akaenda kusimama upande mwingine.

Na mimi naitwa Lokaale, ni mtu wa maikrofoni. Mnada wa mbuzi, harusi, mkutano wa injili, nashika yote. Pia natafsiri, maana wakubwa wetu wakikaa Nairobi miaka miwili Kiturkana kinawakaukia mdomoni. Siku jeneza lilipoletwa kambi zote mbili zilinitaka mimi. Walisema ni kwa sababu ya sauti. Nadhani walitaka mtu wa familia asimame pale, ili isionekane kwamba ni uchuuzi.

Ndege ilitua asubuhi. Jeneza lilishushwa na askari sita na sajenti mmoja mwembamba asiyetabasamu, likapelekwa uwanjani katikati ya mji, ambako mahema yalikuwa yameshasimamishwa. Mama mdogo, mama yake Ethuro, jina lake Akuwam, alikuwa amekuja na lori la makaa kutoka Kakuma. Shanga zake zote shingoni, miguu imejaa vumbi. Nyumbani kwake, kando ya laga ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, vijana walikuwa wanachimba kaburi tangu jua lichomoze, kwa sababu mchanga wa laga ukiuacha kidogo tu unajirudia shimoni.

"Ejok, mama," nikamsalimia.

"Ejok. Tunatoka hapa saa ngapi?"

Nilimpeleka kwa waheshimiwa. Walikuwa wameketi hema moja, kijani huku, zambarau kule, katikati kuna meza ya nyama na chupa za maji baridi.

Akol akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Mama, pole sana. Tumeamua mtoto atazikwa Jumamosi. Watu wengi watakuja. Leo atalala mochari."

"Leo ni Jumatano," mama mdogo akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani ameamua?"

"Sisi sote," Lopeyok akadakia akiwa na mfupa mkononi. "Hilo peke yake tumekubaliana."

Mama mdogo akaniangalia nimtafsirie, ahakikishe amesikia sawa. Nilitafsiri, na mdomo wangu ukawa kama umelamba betri. Akawajibu kwa Kiswahili chake, polepole, ili wasisingizie mkalimani.

"Huyu mtoto nimekaa nayo tumboni. Imekufa mbali. Imekaa kwa barafu, imekaa kwa ndege. Mimi nataka weka yeye chini leo, jua ikiwa juu. Nyinyi nataka nini?"

"Heshima yake, mama," Akol akasema.

"Hadhi yake," Lopeyok akasema, kana kwamba ni kitu tofauti.

Wakamketisha kiti cha mbele, wakamfunika bega moja kitambaa cha kijani. Msaidizi wa Lopeyok akaja mbio kumfunika la pili zambarau. Akabaki hivyo, kama duka la vitambaa.

Mkutano ukaanza. Jeneza lilikuwa mbele ya jukwaa, limefunikwa bendera. Akol akahutubia akiligusagusa kila anapotaja Kongo. Alipokauka koo aliletewa maji, akanywa nusu, na asipoona pa kuiweka ile chupa, akaiweka juu ya jeneza. Juu ya bendera. Ikakaa pale inatoa jasho, duara la maji likawa linakua kwenye kitambaa. Nilimwona sajenti akiitazama. Alienda, akaiondoa, akaipangusa bendera kwa kiganja chake, akarudi mahali pake. Akol hakukatiza hata sentensi.

Alipopanda Lopeyok, mpiga picha wake akalalamika kwamba jeneza linaziba jukwaa. Mwingine akanong'ona juu ya nzi. Basi jeneza likabebwa, likapelekwa nyuma ya hema, pembeni mwa jenereta. Nisikilize vizuri: walikuja kumpigania maiti, halafu wakamwondoa kwa kuwa anawaharibia picha. Nikaendelea kutafsiri.

Lopeyok alipoacha kunisubiri nitafsiri, nilipenya nyuma kule, nikamkuta Onésphore. Huyu ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anachukua samaki Kalokol, ziwani, kwa pikapu yake kuukuu na kuwauza sokoni. Ethuro alikuwa rafiki yake. Kabla ya kuondoka alikwenda kwake kujifunza salamu za huko, asije akamsalimia bibi wa watu kama anaamrisha mbuzi.

"Unafanya nini na jenereta?" nikamuuliza.

"Banaume ya suti baliniita. Moja anataka niseme batu ya kwetu hawataki jeshi. Mwingine anataka niseme tunaomba jeshi ingine. Kila mutu alinipatia sentensi yangu."

"Na wewe unataka kusema nini?"

Alicheka bila furaha. "Mie? Kule kwetu banakufaka kila siku, na hakuna mwenye anabishana juu yao. Minataka niseme pole kwa mama. Hiyo sentensi hakuna mwenye alinipatia."

Mama mdogo alikuwa ameshatufuata. Vile vitambaa viwili alikuwa ameviacha juu ya kiti. Akaenda moja kwa moja kwa sajenti.

"Wewe, nani amekuambia nini?"

Sajenti akasimama wima, kama anajibu jenerali. "Mama, amri yangu ni kukabidhi mwili kwa familia. Kisha tupige saluti kaburini."

"Chama iko ndani ya amri?"

"Haimo, mama."

"Mimi ndiye familia."

Sajenti alilitazama jukwaa, akalitazama jeneza, akanigeukia mimi. "Gari letu wamelizibia na magari yao. Wakituona tunasukuma magari wataleta fujo juu ya marehemu. Hilo sitaki."

"Pikapu yangu iko inje," Onésphore akasema, akaona haya. "Lakini, mama, inanuka samaki."

"Ethuro alikula samaki," mama mdogo akasema. "Lokaale, hawa watu wako wanaongea mpaka saa ngapi?"

"Mpaka niwanyamazishe, mama."

"Basi usinyamazishe."

Nikarudi kwenye maikrofoni. Sijawahi kuifanya kazi yangu vizuri kama siku ile, na sijawahi kuichukia hivyo. Lopeyok alikuwa anamalizia, anatafuta kiti kwa macho. Nikamkatiza kwa adabu.

"Asante, Mheshimiwa. Nimesikia umesema wanaotaka vijana warudi ni waoga. Sitaji jina la mtu. Ila kama kuna mtu hapa anadhani ameguswa, sheria za mkutano zinampa haki ya kujibu."

Hakuna sheria kama hiyo. Akol alikuwa ameshasimama.

Akajibu. Akasema waoga ni wanaopigana kwa watoto wa wengine. Nikamshukuru, nikageuka upande wa zambarau kwa uso wa huzuni. "Mheshimiwa Lopeyok, hili neno sitaki lilale. Una watoto wangapi jeshini? Unayo haki ya kujibu."

Alikuwa na watoto wanne, na jeshi walikuwa wameliona kwenye televisheni. Akachukua robo saa kueleza kwamba kuna njia nyingi za kuipigania nchi. Nikampa Akol haki ya kujibu. Akol akasema kumbe njia hizo zina chuo kikuu ng'ambo. Nikampa Lopeyok haki ya kujibu. Unajua ukimrushia fisi mfupa na mwenzake anaona? Wewe kaa tu.

Wakati huo niliwaona wale askari sita wakitokea nyuma ya hema, jeneza begani, wanapita pembeni mwa uwanja kuelekea barabarani. Sajenti mbele, mama mdogo nyuma yake, Onésphore amevua kofia. Hawakukimbia. Walitembea mwendo wa mazishi, mguu baada ya mguu, mbele ya macho ya uwanja mzima.

Umati ukaona, maana wao walikuwa wametazama upande ule. Waheshimiwa walikuwa wametazama umati. Mzee mmoja wa safu ya kwanza akasimama na kigoda chake mkononi. Akasimama wa pili. Kisha uwanja wote ukainuka kwa pamoja, kijani na zambarau, kimya kabisa, kofia zikavuliwa, na zile fulana zote zenye uso wa Ethuro na mkono wangu zikageuka taratibu kulifuata jeneza.

Akol, ambaye alikuwa katikati ya neno "uzalendo", akanyamaza. Macho yakamlowa. Akaweka mkono kifuani.

"Asanteni," akasema kwa sauti ya chini. "Asanteni kwa kuuelewa ukweli."

Lopeyok hakuvumilia. Akaninyang'anya maikrofoni. "Wamesimama kwa sababu ya yale niliyosema mimi," akasema. "Wewe hata hujamaliza."

"Walisimama nikisema mimi."

"Walikuwa wanasimama tangu nilipokuwa nasema mimi, ila ni watu wapole, wanasimama polepole."

Nikaiacha maikrofoni kwao. Kule mwisho pikapu ilikuwa imeshawashwa. Nilishuka jukwaani, nikaomba boda hadi kituo, nikangoja sana hadi nikapata gari la miraa linalokwenda Kakuma. Dereva alikuwa na redio. Mkutano ulikuwa unatangazwa moja kwa moja, na waheshimiwa walikuwa bado wanajibizana. Tulipokaribia Kakuma mtangazaji akasema kwa sauti ya kuchanganyikiwa kwamba sasa viongozi wanaombwa kusogea kwa ajili ya picha pamoja na jeneza, halafu pakawa na ukimya, halafu wakaweka muziki. Dereva akanitazama nikicheka. Nilicheka hadi nikamwomba asimame, nikashuka, nikatapika kando ya lami. Nyama yao, sikuwa hata nimekumbuka kwamba niliila.

Nilifika kando ya Tarach jua bado lipo. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Saluti ilikuwa imepigwa, askari walikuwa wamevua makoti ya sherehe, wanasaidia kubeba mawe ya kupanga juu ili fisi wasifukue. Sajenti alikuwa na mkwaruzo mkubwa kwenye kiganja. Katekista alikuwa anafunga kitabu chake. Onésphore alikuwa ameketi na mama mdogo chini, na nadhani ile sentensi yake alikuwa ameshaisema.

Mama mdogo aliniona, akaninyooshea jiwe. Niliweka. Kisha akachukua tumbaku kidogo kutoka kwenye fundo la shuka yake, akainyunyiza juu ya mawe, jinsi anavyompa mtu aliyekuja kutoka safari ndefu.

"Wale watu wako," akasema. "Wamemaliza?"

"Bado, mama."

Akatikisa kichwa, akatema mate mchangani, mbali na kaburi.

"Vua hiyo fulana," akaniambia.

Sikuwa nimekumbuka kwamba walinivisha zambarau asubuhi, na juu yake kijani. Nikazivua zote mbili. Onésphore akaziomba, akaenda kufuta nazo magamba ya samaki kwenye pikapu.