Mlinzi Aliyeona Gizani

Mama Kunegunda hakumchinja jogoo siku jaji aliposoma hukumu. Wakili Careen alimwambia asubiri. Hakimu alishamwachia huru mwanawe Hironimus, Jamhuri ikakata rufaa, Mahakama Kuu hapa Songea nayo ikaitupilia mbali. Lakini Jamhuri bado ilikuwa na siku thelathini za kwenda mbele zaidi. Zikapita kimya. Basi Jumapili hii jogoo aliliwa, nyumbani Ruhuwiko, na Careen akiwa mgeni.

"Kwa hiyo hawamrudii?" mama aliuliza mara ya tatu.

"Hawamrudii, mama. Kwa kosa hili hashtakiwi tena."

"Hata akizuka shahidi mwingine?"

"Hata akizuka. Kula, mama, ugali unapoa."

Mama akacheka huku akijifuta macho kwa kitenge. Miaka miwili alikuwa haitikii shikamoo ya Polikarp, jirani wa nyumba ya tatu, mlinzi wa ghala la mbolea. Wezi walimpiga nondo usiku, jicho moja likapotea, na mahakamani akamtaja Hironimus kuwa mmoja wao. Jaji alisema giza lilikuwa nene mno. Mama, kwa akina mama wenzake wa jumuiya, alikuwa akimwita Polikarp mwongo wa jicho moja.

Hironimus akaramba vidole. "Mama, kitendawili."

"Tega."

"Mmoja aliniona gizani, wengi wakanitazama mchana wasinione."

Mama akawaza. Popo? Siye. Bundi? Siye. Mwezi? Wala.

"Nipe mji."

"Haya, chukua Peramiho." Ndio mji aliompa siku zote, tangu mwanawe akiwa mtoto mdogo.

"Peramiho nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni mimi. Polikarp aliniona."

Akacheka peke yake. Careen akaweka kijiko chini.

"Hironimus, mimi sikukuuliza hilo."

"Si umesema hawanirudii?"

Mama alimtazama wakili, akingoja aseme lolote la kuyafuta maneno yale. Careen alikuwa anatazama meza. Tonge lilikuwa bado mkononi mwa mama, halipandi wala halishuki.

Mwisho akalirudisha. Akachukua bakuli lenye paja alilomwekea mwanawe, akalifunika kwa sahani, akatoka.

Polikarp alikuwa amekaa kibarazani kwake. Alipomwona akasimama, kama kila siku.

"Shikamoo, mama."

Mama akaketi palepale chini, bakuli mapajani.

"Uliona vizuri, mwanangu," alisema.