Gauni la Mwezi wa Nane

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamwita Bado Mapema, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ukimwambia wingu limefunga aanue nguo, bado mapema. Alipoambiwa akamwandikishe mtoto shule, bado mapema, mpaka nafasi zikaisha. Simpendi, na sioni sababu ya kuwaficha.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kiwanda changu: cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, na kila Desemba lundo la vitambaa vya watu waliokumbuka Krismasi tarehe ishirini. Mwaka jana niliwashonea watoto wa mtaa mzima, wangu nikamwacha wa mwisho. Asubuhi ya Krismasi gauni lake lilikuwa bado wazi ubavuni, nikalibana kwa pini. Ana miaka tisa. Alikaa kanisani ibada nzima wima kama msumari, hakuegemea, hakulia. Tuliporudi nikakuta vidoti vya damu kwenye shimizi yake, na mimi nikapitiwa na usingizi mezani kabla chakula hakijapakuliwa. Niliapa mwaka huu mwanangu atavaa nguo iliyokamilika, na mimi nitakula nimekaa, macho wazi.

Nikaanza Juni. Mwezi huo vitambaa havina mwenyewe, mwenye duka anakupunguzia ilimradi kaona mtu kaingia. Mchele nilijaza ndoo kidogo kidogo. Vifaranga wanne nikawalea uani. Kufika mwezi wa nane gauni lilikuwa tayari: la buluu, kola nyeupe, pindo la vidole vinne ili akirefuka nilishushe. Mlangoni nikabandika karatasi kwamba nguo za Krismasi mwisho wa kupokelewa ni tarehe thelathini Novemba.

Wifi alikuja, akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashikilia mlango. Akasema mtoto wangu ataota mbawa kabla ya siku yenyewe. Nikameza. Nikamwambia amlete na bintiye, yule mwembamba tunayemwita Njiti, nimpime kabisa. Alichojibu mnakijua.

Tarehe ishirini na tatu Desemba huyo hapo, na kitambaa cha kijani kwapani. Nikamwonyesha karatasi. Akasema ile ni ya wateja, yeye ni ndugu. Nikamwambia ndugu ndiye aliyeisoma kwa sauti. Aliondoka kavimba. Mchana mama mkwe akapiga simu kuniuliza moyo wangu umekuwaje, na jioni mume wangu akaanza yeye, kwamba kigauni kimoja hakiniui. Niliwakatalia wote watatu, na sikumbuki kama nimewahi kulala vizuri vile.

Kesho yake asubuhi nilitoka kuwapelekea wateja wawili nguo zao za mwisho. Niliporudi, kabati lilikuwa wazi na henga ikining'inia tupu. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na kitambaa cha kijani.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. "Nimempa dada lile la buluu," akasema. "Watoto si wanalingana. Wewe mshonee wetu hicho alichoacha. Fundi mzima, kwako hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Jibu lililonijia lilikuwa la birika. Kwa mtu huyu, kitu kikiwahi kuwa tayari basi ni cha ziada. Nilivaa kandambili nikatoka.

Kwa wifi ni mtaa wa pili. Nilimkuta Njiti kasimama sebuleni mbele ya kioo, kavaa gauni la mwanangu. Lilimpwaya, mama yake kalibana kiunoni kwa pini.

"Nimefuata gauni," nikasema.

Wifi hakuinuka kwenye kochi. "Kaka yangu kanipa."

"Hakulishona yeye."

"Si ushone jingine? Muda unao wewe, ndiyo maana ulianza mapema." Akanitazama juu mpaka chini. "Au utamvua mtoto mbele yangu?"

"Mbele yako," nikasema, nikapiga magoti.

Njiti alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, kisha akainua mikono mwenyewe, kama watoto wanavyofanya nikiwapima. Nilichomoa pini moja moja, sita, nikizibana midomoni kama ilivyo kawaida yetu mafundi. Kwa hiyo hata kama ningetaka kumwambia samahani, nisingeweza. Akabaki na shimizi. Hakulia.

Krismasi ikaenda kama nilivyoipanga tangu Juni. Kuku walikuwa tayari mapema. Binti yangu aliegemea benchi la kanisa ibada nzima, pindo nimelishusha vidole viwili tu. Saa saba nilikaa kitini, sahani mbele yangu, sina usingizi wala deni la mtu. Wifi na watu wake hawakuja, mara ya kwanza miaka yote, nami nikajiambia hewa imekuwa nyepesi.

"Mama," binti yangu akasema, "Njiti hakuja kanisani."

Nikamwambia ale. Yeye alikula. Mimi sahani nikaisogeza pembeni. Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira, maana hata hiyo niliona kaniletea wifi.

Saa tisa nilikuwa kwenye meza ya kukatia. Nilitandaza kitambaa cha kijani, nikachukua kipimo kwenye gauni la buluu, kiuno nikakipunguza kwa hesabu ya zile pini sita. Mume wangu akasimama mlangoni akijikuna tumbo.

"Si ulisema leo unapumzika?"

"Hili ni la Krismasi ijayo," nikamwambia. "Naanza mapema."

Akaguna, akaenda kulala. Nikakanyaga cherehani. Lakini pindo nililikunja la kidole kimoja tu, la mtoto wa kuvaa leo.